"Ii" ya Mmeru, "haa" ya Msomali

Katika soko la Maua, kwenye vilima vya Nyambene, sauti moja fupi yaweza kumletea mtu faida au hasara. Hapa Wameru wa Igembe huuza miraa, na kwa miaka mingi Wasomali wamekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Kila mmoja ana sauti yake ya kukubali. Mmeru husema "ii", Msomali "haa". Wakikataa, Mmeru husema "ari", Msomali "maya".

Sasa mweke hapo Mswahili. Kwake "haa!" ni mshangao, na asiposikia vizuri ataidhani ni "a-a", yaani hapana. Nayo "ii" yaweza kumfikia kama mguno wa kuchukizwa. Bei imekubaliwa, kumbe mwenzake anafunganya mabunda yake aende zake! Na miraa haingoji mtu. Ikipita siku mbili hivi, ukali wake umepungua na bei nayo imeshuka.

Ulaya nako hawajambo. Ugiriki na Bulgaria zimepakana, lakini Mgiriki akikuambia "ne" amekubali, na Mbulgaria akikuambia "ne" amekataa. "No" ya Mwingereza ni hapana, hali Mpolandi katika mazungumzo ya kawaida huitikia kwa "no".

Lakini mtego mkubwa zaidi tunao nyumbani. Muuguzi amwuliza mgonjwa, "Hujameza dawa?" Mgonjwa aitikia, "Ee." Kwa Kiswahili maana yake ni: kweli, sijameza. Kwa Kiingereza, mtu huyo angejibu "no". Kwa hiyo aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza aweza kuandika kwamba dawa imemezwa, na mgonjwa akalala bila dawa. Wafaransa wana neno la pekee la kulipinga swali la namna hii, "si". Wajerumani wana "doch". Sisi hatuna.

Basi, wazazi na wanafunzi, dawa ya tatizo hili ni rahisi. Msiulize kwa kukanusha. Ulizeni, "Umemeza dawa?" na mngoje jibu kamili: "Nimemeza" au "Sijameza." Sokoni nako, itajeni bei upya kabla ya kutoa pesa. Kuuliza si ujinga, na kurudia swali hakugharimu hata senti.