PANGO SI JAA

Siku chache zilizopita baadhi yetu tulishuka katika pango moja la Kusini Unguja. Hatulitaji jina lake, maana hatupendi kuufedhehesha mji mmoja kwa kosa lililo la kisiwa kizima. Pango hilo halimo katika vitabu vya watalii, na hata vijana wengi wa hapo hawajapata kuliingia. Tulifunga kamba kwenye mzizi wa mkuyu, tukateremka na kurunzi zetu. Tulikuta ukumbi mpana kuliko tulivyotazamia, nguzo za chokaa zilizojengwa tone kwa tone, popo wamening'inia darini, na chini kabisa kidimbwi cha maji safi ya baridi.

Na kando ya maji hayo tulikuta nepi za watoto, betri, chupa za plastiki, makopo ya dawa ya kuulia wadudu, na mbuzi aliyekufa ndani ya gunia. Vyote vimetupwa kutoka juu, penye tundu la dari.

Wako watakaouliza: Je, hili nalo ni jambo la siasa? Sisi twajibu kwamba maji ya kunywa ya raia yakiwa si siasa, basi hatujui siasa ni kitu gani.

Na tuzungumze kwa dalili. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya kisiwa chetu ni maweni, yaani jiwe la matumbawe ya zamani lililoinuka kutoka baharini. Huko hakuna mito. Mvua ikinyesha hupenya katika nyufa, nayo kwa muda wa maelfu ya miaka imelila jiwe hilo na kulifanya mapango. Pahala penye mchanga, maji huchujwa polepole. Katika maweni hupita upesi kama yapitavyo katika mfereji, pamoja na uchafu wote yaliouchukua. Yafikapo chini hukaa juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba la maji matamu, na hilo ndilo tulitekalo visimani. Kwa hivyo anayetupa gunia pangoni hakulitupa mbali. Amelitia kisimani mwa jirani yake, na pengine mwake mwenyewe. Kisiwa hiki kinakijua kipindupindu: kile cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu, na mwaka 2015 maradhi hayo yalizuka tena.

Liko na jambo la pili. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wataalamu walichimba mwaka 2005, na wengine wakachimba tena mwaka 2012. Walipata zana za mawe na mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao leo hawapo Unguja. Watu walikaa humo yapata miaka 20,000 iliyopita, zama ambapo bahari ilikuwa chini na kisiwa hiki kimeungana na bara. Nani ajuaye ni kurasa ngapi za tarehe yetu zimelala katika mapango yasiyotajwa, chini ya nepi na makopo?

Sasa twaielekea Serikali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Zanzibar mwaka 2006, na tulilisifu jambo hilo. Lakini marufuku haichukui taka. Twauliza: gari la taka hupita mara ngapi katika miji ya mashamba? Mwananchi aliyekatazwa pango ameonyeshwa pahala gani pa kutupa? Pango lenye kiingilio cha wageni hufagiwa. Pango lenye maji ya wenyeji huachwa liwe jaa. Twataka kila shehia ya maweni iwe na pahala palipojengwa pa kukusanyia taka, mbali na nyufa na visima. Twataka maji ya mapangoni yapimwe, na matokeo yasomwe hadharani.

Hata hivyo, tusijifanye malaika. Katika gunia moja tulikuta nakala za gazeti hili hili. Aliyelitupa ni mwenzetu, nasi hatuna uso wa kuilaumu Serikali peke yake. Wazee wetu waliyaendea baadhi ya mapango haya kwa ubani na udi. Wako kati yetu wasioikubali mila hiyo, lakini hakuna awezaye kukana kwamba waliyaacha safi.

Basi twaomba kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya masika. Kwanza, liwaendee sheha na wazee, liombe ruhusa, na liandike mapango yote ya eneo lake: lipi lina maji, lipi lina taka. Pili, taka zitolewe kwa kamba na vikapu. Mtu asishuke peke yake, wala mtu asichome taka ndani, kwa kuwa moshi huua. Tatu, wanachama wa vyama vingine waalikwe kama majirani. Katika kazi hii hatuulizi kadi ya mtu, maana kisima hakina chama.

Orodha hizo zikitufikia, tutazichapisha hapa na kuzipeleka kwa wanaohusika. Wakinyamaza, tutauliza tena. Lakini siku hiyo tuwe na haki ya kuuliza, na mikono yetu iwe safi.