Baskeli msituni: nani ameshika ufunguo wa geti?

Mzazi wa Mombasa akimnunulia mtoto baskeli leo, swali linalofuata baada ya bei ni moja: ataiendesha wapi? Barabara ya Malindi imejaa malori na matatu. Vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo sisi tulijifunzia humo, sasa vina bodaboda zinazopita kwa honi na kasi. Mtoto huishia kuzunguka uani mpaka achoke nayo, na baskeli huishia kuegemezwa ukutani na kupata kutu.

Wako watakaosema kupanda baskeli kwa starehe ni mambo ya wazungu na watu wa Nairobi. Siwakubalii. Pwani hii samaki walifika mitaani kwa baskeli, mgema alibeba tembo lake kwa baskeli, na muuza madafu bado anasukuma yake mpaka leo. Kilichobadilika si mapenzi yetu. Nafasi ndiyo iliyokwisha. Na ajabu ni kwamba misitu tunayo, yenye njia ndani yake na isiyo na gari hata moja, lakini wenyeji wengi hawajawahi kuikanyaga.

Tuanze na Bamburi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo miaka ya 1950, na kikachimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti kwenye mashimo yale. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili chumvi na jua ni tatu tu. Mvinje ndio uliotia fora. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi, yakawa yanalala tu juu ya jiwe, mpaka wakaletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Kazi ya jongoo! Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, wakaja ndege, na ndani ya kivuli zikakatwa njia za kukimbia na kuendesha baskeli. Wengi wanaijua Haller Park kwa ajili ya yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Wachache wanazijua njia za miti zilizo upande wa pili wa barabara.

Napenda njia zile. Ardhi ni tambarare, kivuli ni cha kutosha, na mtoto anaweza kuanguka bila kitu kumpitia juu. Lakini tuseme ukweli wake: huo ni msitu wa kampuni. Geti ni la kampuni, na saa za kufungua ni zake. Mwishoni mwa 2024 Bamburi iliingia mikononi mwa kundi la Amsons la Tanzania. Sisemi mwenye mali mpya ana nia mbaya, na sina sababu ya kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mchezo wa watoto wa mji mzima hauwezi kutegemea hisani ya mwenye shamba, awe wa jana au wa leo. Akiamua kesho kwamba kiwanja kile kinafaa nyumba zaidi kuliko mivinje, wewe na mimi tutakuwa na hoja gani?

Msitu wa umma ndio wenye hoja. Na hapo ndipo ninapowaonea wivu watu wa Nairobi, jambo ambalo hunitokea mara chache. Msitu wa Karura ulikuwa umeshaanza kugawiwa viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda miti, wakapigwa na genge la vijana, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ukabaki. Hata hivyo kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuingia, maana ulikuwa maficho ya wahalifu. Ulipona pale wakaazi walipojiunga katika chama, wakashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wakajenga ua, wakaajiri vijana wa vijiji vya jirani kuwa walinzi. Leo mtu hukodi baskeli ndani ya geti na familia huzunguka mchana kutwa. Wingi wa watu wema ndio uliowafukuza wabaya.

Sisi tuna Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kuliko Karura mara arobaini, kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi. Ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ukiingia kwa upande wa Gede unapita kwenye mibambakofi, kisha udongo unageuka mweupe na unakutana na mirihi iliyosimama mbalimbali kama shamba la mtu. Njia za magari ya doria zipo, na nyingi zinapitika kwa baskeli. Mgeni wa Ulaya anajua hayo, na huja na darubini kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke. Mtoto wa Watamu anayelala kilomita chache kutoka pale hajui.

Najua kuna ndovu mle. Kwa hiyo sitetei kila mtu aingie anavyotaka. Natetea mzunguko mmoja uliochaguliwa na askari wa msitu wenyewe, wenye alama, wenye saa maalum, na kiongozi wa kutangulia. Kijana wa Gede mwenye baskeli kumi za kukodisha angepata riziki, na macho yake yangekuwa yanaona nani anaingia na msumeno. Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 kwa wanavijiji kufuga vipepeo na kuuza pupa nje, umeshaonyesha kwamba mtu huulinda msitu unaompa kitu.

Na si kila msitu ni wa baskeli. Kaya za Wamijikenda ziachwe zilivyo. Zile ni mahali pa wazee na pa ibada, na anayetaka kupita afuate masharti ya wenyewe.

Liko jambo jingine ambalo wanaume hatulisemi. Msichana wa Kibokoni anaacha baskeli akifika miaka kumi na moja au kumi na mbili, si kwa sababu dini imemkataza, bali kwa sababu hawezi kupita barazani bila kukodolewa macho na kutupiwa maneno. Njia ya msituni, pamoja na mama zao na shangazi zao, ingewarudishia kitu ambacho kaka zao hawakunyang'anywa.

Sheria haituzuii. Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu wakaazi kuunda chama cha msitu cha jamii na kutia saini makubaliano ya usimamizi na KFS, na burudani imo katika yale yanayoweza kukubaliwa. Kaunti haina mamlaka juu ya Arabuko-Sokoke, ambao uko chini ya taasisi za taifa, lakini inayo sauti, na inao wajibu wa kitu kimoja kilicho nje ya geti: namna ya kufika. Barabara ya Mombasa hadi Malindi inapopanuliwa, kila mita inayoongezwa kwa gari humfanya mwenye baskeli awe na umbali mkubwa zaidi wa kuvuka. Pale Gede, na pale Bamburi, kivuko cha salama ni cha lazima, la sivyo tutakuwa tunawapeleka watoto kwenye utulivu kwa kuwapitisha katikati ya hatari.

Mipango ya maendeleo ya kaunti inayotumika sasa ni ya 2023 hadi 2027. Ya miaka mitano inayofuata itaandaliwa kwa vikao vya maoni ya umma, wadi kwa wadi. Huko huzungumzwa maji, zahanati na basari, na ni haki. Huko Watamu, Gede na Bamburi, atakayepata kipaza sauti aulizie pia kivuko na kilomita chache za njia zilizokwisha kuwapo.