Mkono Mwepesi, Jicho Makini

Huku Igogwe kuna asubuhi ambazo Mlima Rungwe hujionyesha kwa dakika chache tu, kisha ukungu huufunika. Anayetaka kuuchora asikawie. Kliniki nako ni hivyo hivyo: foleni ni ndefu, watoto wanalia, na muuguzi ana dakika mbili tu za kumchorea mama asiyejua kusoma namna ya kumhudumia mwanawe nyumbani. Mwalimu wa Shule ya Jumapili naye anajua: ukikawia ubaoni, watoto wameshaanza kusukumana.

Mkono mwepesi hupatikana kwa mazoezi, na vifaa vipo jikoni. Weka vijiti vyembamba vikavu ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa tundu dogo la kutolea moshi, kisha weka motoni. Moshi ukikoma, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa la moto, vijiti vitawaka na kuwa majivu. Vikipoa vizuri, una mkaa wa kuchorea.

Tenga dakika kumi kila siku. Chora kitu kimoja, tuseme mgomba, mara tatu: kwa dakika tano, kwa mbili, kisha kwa moja. Anza na umbo kubwa, majani yafuate. Tazama mgomba kuliko karatasi. Usifute, mstari ukienda kombo, chora mwingine pembeni yake. Mkono wote usogee kuanzia begani, si vidole peke yake.

Ukimchora mtoto mchanga, kumbuka kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake. Kwa mtu mzima, kichwa huingia mara saba hivi. Ukisahau hilo, mtoto atafanana na mzee mfupi.

Kwa rangi ya majimaji, tumia chai nzito isiyo na maziwa wala sukari. Paka hafifu kwanza, acha ikauke, ndipo uongeze giza. Msimu wa mvua karatasi hukawia kukauka, basi siku hizo tumia mkaa. Ukipitisha brashi yenye maji juu ya mkaa, utapata kivuli cha kijivu. Watoto nao watafurahi kuchora kwa mshumaa, kisha kupaka chai juu yake: palipo na nta hubaki peupe.

Lakini haraka isiushinde ukweli. Tuseme mtoto anaharisha na pakiti za ORS hazipo. Mchoro wako uonyeshe maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Ukichora kijiko cha chumvi kilichofurika, mama atafuata alichokiona, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Chora kila kijiko kivyake ili vihesabike. Kisha mwombe mama akueleze mchoro unasema nini. Akieleza vingine, chora upya. Mkumbushe pia kumwahisha mtoto kituo cha afya akilegea au akishindwa kunywa.

Michoro mingi ya kitabu Mahali Pasipo na Daktari ilichorwa na mwandishi wake, David Werner. Ni mistari michache isiyo na mapambo, na mama huielewa upesi.

Haya, akina mama, vijiti viingie kopo leo. Tukutane mwezi ujao.