Afande, Mwanangu Hana Simu ya Kuzima

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Mimi ndiye yule mama wa genge aliyekaa kwenye benchi la kituo chako Jumanne mbili mfululizo, na binti yake wa kidato cha pili pembeni, amejifunika mtandio mpaka machoni. Askari wako wa kaunta alikataa kutupa RB. Alisema hayo ni mambo ya mitandaoni, nimwambie mtoto azime simu.

Azime ipi? Mwanangu hana simu, na shuleni kwao ni marufuku. Ile picha, kichwa chake kimebandikwa juu ya mwili wa mwanamke aliye uchi, imezunguka kwenye simu za watu wazima: makundi ya WhatsApp ya mtaani, kijiwe cha bodaboda, mpaka kwa wazazi wenzangu. Kichwa kilikatwa kwenye picha ya mahafali yake ya darasa la saba, ambayo niliiweka mimi kwenye status kwa furaha. Hilo nitalibeba mimi. Haya mengine ni ya kwako.

Kinachomtesa sasa ni mlio wa ujumbe, Afande. Simu yangu ikilia, mwanangu anaacha kula. Ni mteja tu kanitumia hela ya nyanya, lakini tonge linabaki mkononi mwake na macho yananiuliza nani tena ameiona. Nikaondoa sauti, nikapoteza wateja. Sasa ya jirani ikilia usiku nyuma ya ukuta, anaamka. Juzi kwenye daladala ililia ya abiria asiyemjua hata kidogo. Akashuka kabla ya kituo chetu, tukatembea mpaka nyumbani bila kusemezana. Shuleni hajaenda hii wiki ya tatu. Mdogo wake amepigana kwa ajili ya picha hiyo. Bibi yake haendi tena jumuiya.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 kinasema anayemtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtesa moyo atatozwa faini isiyopungua milioni tano, au afungwe si chini ya miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inampa mkuu wa kituo, yaani wewe, mamlaka ya kuamuru taarifa za mtuhumiwa zitolewe. Namba iliyotuma kwanza ninayo, nimeichapisha kwenye karatasi. Laini zetu tumezisajili kwa alama za vidole. Mwenye namba hiyo ana jina.

Mwaka 2016, kule Arusha, mtu alitiwa hatiani kwa maneno ya Facebook dhidi ya Rais wa wakati huo. Kwa hiyo polisi wanajua kumtafuta mtu mtandaoni. Mbona kwa watoto wetu mnashindwa? Mama wangapi wamerudishwa kutoka kaunta kama yako, wakaambiwa wazime simu? Mnangoja mtoto ajidhuru ndipo mfungue jalada?

Naomba RB. Naomba askari wa Dawati la Jinsia na Watoto azungumze na mwanangu faraghani, si pale kaunta ambapo kila simu inalia na yeye anatetemeka.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuja na karatasi zangu. Safari hii nitakuja peke yangu, maana kwenye benchi lile harudi.

Mama yake