Ada Yetu Inanunua Nini?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, ingawa kuwataja kulizoeleka kwa miaka mingi. Wengine tulidhani mbio zile zimekwisha. Wapi! Mzazi wa Kyela anayetafuta shule ya sekondari ya binafsi bado anaonyeshwa kitu kimoja kwanza, nacho ni idadi ya divisheni wani.

Wazazi wenzangu, sina ugomvi na divisheni wani. Mtu aliyeuza mpunga wa msimu mzima, au kakao yake, ili mwanawe apate kitanda bwenini, ana haki ya kudai cheti kizuri. Ninachouliza ni hiki: ada hiyo inanunua nini kingine? Shule ya bweni haimchukui mtoto kwa saa za darasani tu. Inamchukua usiku na mchana. Anaamshwa kungali giza, anasoma hadi usiku wa manane ndipo anaachiwa, na likizo ikifika anabakizwa kambini kwa masomo ya ziada. Mpunga uliopandwa kwa kubanana huwa mrefu na wa kijani hata majirani wakausifu, lakini siku ya kupepeta unaona makapi.

Malezi ya namna hiyo hata hayakuwa yetu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao hapa kwetu Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta vijana wa rika moja wakitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe. Huko walichunga, walicheza ngoma, walishindana nguvu, na jioni walibishana kwa hoja mpaka kila mmoja akajua kusema na kusikiliza. Sisemi turudi huko. Nasema kijana alifundwa mwili, ulimi na akili kwa pamoja, wala hakuna aliyeona mambo hayo yanagombana. Hata serikali ya kikoloni ililiona hilo: katika shule ya Malangali, iliyofunguliwa 1928, Mwingereza Mumford aliingiza ngoma, kurusha mikuki na mafunzo ya wazee sambamba na masomo ya darasani. Nia za wakoloni tuwaachie wenyewe.

Tazama sasa tulivyo navyo mkononi. Kila Jumamosi akina mama wa Kikisi huuza vyungu vyao katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Shule inayotaka mwalimu wa ufinyanzi haina haja ya kumwagiza Dar es Salaam. Wamoravian na Walutheri wamekuwa Unyakyusa tangu 1891, na wapiga tarumbeta wao wapo. Ngoma yetu ya ing'oma ipo, na wanaoijua wangali hai. Lakini sanaa katika shule zetu nyingi ni ya mahafali: kwaya inafanyishwa mazoezi wiki mbili, inamwimbia mgeni rasmi, kisha ngoma zinarudishwa stoo hadi mwakani.

La ziwa ndilo linaloniudhi zaidi. Mtoto anakulia mbele ya Ziwa Nyasa, anasoma miaka minne akisikia mawimbi, anaondoka na cheti hajui kuogelea! Kisha anapanda mtumbwi kwenda kumsalimia shangazi. Shule ya ufukweni ingeweka kuogelea kwenye ratiba, chini ya mwalimu anayeijua kazi hiyo na mtumbwi wa kuokolea ukiwa tayari, wasichana na wavulana wote. Maana hata michezo tuliyo nayo ni ya wachache: wavulana ishirini na wawili wanacheza, wengine mia tatu wanapiga makofi.

Atatokea wa kuniambia, “Mpira haumpi mtu kazi.” Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na baadaye akaanzisha shule. Shule ya sekondari ya Makongo ya Dar es Salaam, enzi za mkuu wake Kanali Idd Kipingu, ilijulikana nchi nzima kwa kulea wachezaji walioendelea kusoma. Lakini hata tuwaache hao mashuhuri. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na michezo na sanaa vimo ndani yake. Serikali imekwisha kuliandika; sisi tunaolipa ada ndio tuliobaki nyuma.

Basi kikao cha wazazi kijacho tusiishie kuuliza juu ya maharage na michango. Tuombe ratiba. Tusome pale penye Jumatano saa kumi jioni: pameandikwa nini, na ni mwalimu gani anayelipwa kwa kazi hiyo? Wasichana wana kiwanja chao cha netiboli, au wanasubiri wavulana wamalize? Ripoti ya muhula inasema lolote juu ya sauti ya mtoto, mikono yake na miguu yake, au ni alama za hisabati na nafasi darasani tu? Na tukijibiwa kwamba uwanja upo ila jioni watoto wako kwenye vipindi vya ziada, tuulize nani aliamua hivyo. Nahofia tutaambiwa ni sisi wazazi tulioshinikiza. Ikiwa ndivyo, uamuzi huo tuufute sisi wenyewe, siku hiyo hiyo, kabla mwenyekiti hajafunga kikao.