Kiti cha Haruni Hakina Mrithi Machakos

Jumapili asubuhi, kutoka mjini Machakos hadi Kangundo na Masii, vipaza sauti huanza kunguruma mapema. Saa ya sadaka ikikaribia, katika makanisa mengi hufunguliwa Malaki sura ya tatu, kisha hoja ni ileile: mchungaji ndiye kuhani wa leo, amekalia kiti cha Haruni, na fungu la kumi ni haki yake kama lilivyokuwa haki ya Walawi. Waumini huitikia amina. Wanaitikia kosa, na kosa hilo hulipiwa na mama anayeuza sukumawiki.

Wayahudi wenyewe, waliomtoa Malaki, hawana mafundisho ya namna hiyo.

Mwaka 70 majeshi ya Tito yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Madhabahu ilipokwisha, dhabihu zilikwisha, na kazi kubwa ya kuhani ikakoma. Ukoo wa Haruni haukufutika: hadi leo katika sinagogi nyingi mtu wa ukoo huo huitwa wa kwanza Torati inaposomwa, na huinua mikono kuwabariki watu. Lakini heshima hiyo haimpi mamlaka. Mamlaka ya kuamua lipi halali na lipi haramu yalihamia kwa marabi, yaani walimu, na mtu hakuwa rabi kwa kuzaliwa. Alikaa chini, akasoma.

Tena hawakupewa mamlaka hayo kwa siku moja. Masimulizi ya Kiyahudi yanasema Yohanan ben Zakkai alitolewa Yerusalemu iliyozingirwa akiwa ndani ya jeneza, akaenda kufundisha Yavne. Kisa ni kitamu, lakini Yavne haikutawala Wayahudi wote kesho yake. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ilikamilika karibu na mwaka 200. Katika karne ya nne, sinagogi ya Hammat Tiberias ilikuwa na sakafu iliyochorwa mungu jua wa Kigiriki akiendesha gari lake la farasi. Ni vigumu kuamini kwamba waliolipia sakafu ile walikuwa wakingoja ruhusa ya rabi. Talmudi ya Babeli, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna hiyo, ilikamilika baadaye zaidi. Walimu wale walikubalika polepole, kizazi baada ya kizazi, kwa kufundisha.

Katika Talmudi hiyo kuna kisa ambacho kila mpenda miujiza angepaswa kukisikia. Rabi Eliezer alibishana na wenzake kuhusu tanuri. Aliposhindwa kuwashawishi, aliamuru mti ung'oke, nao ukang'oka; aliamuru maji yarudi nyuma, yakarudi; mwisho sauti kutoka mbinguni ikamtetea. Wenzake walikataa. Torati ilikwisha kutolewa Sinai, walisema, na uamuzi ni wa walio wengi. Kwao muujiza haukuwa hoja.

Na marabi hao walikula nini? Baadhi walikuwa na kazi za mikono. Miongoni mwao Yohanan mwingine aliitwa Mshona Viatu, na Yitzhak aliitwa Mhunzi.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Mbale, Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyekuwa amejisomea Biblia, alitahiriwa na kuanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya. Gershom Sizomu ni mjukuu wa mmoja wa viongozi wa jumuiya hiyo. Damu haikumtosha. Alikwenda Los Angeles kusoma, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008.

Ukambani nako mamlaka ya dini yamewahi kuhama. Watu waliowasikiliza waonaji kama Syokimau na Masaku, ambaye jina lake ndilo asili ya jina la mji wa Machakos, walianza kuwasikiliza wasomaji, hasa Agano Jipya lilipotoka kwa Kikamba mwaka 1920. Msingi wa mamlaka hayo mapya ulikuwa kitabu ambacho kila mtu angeweza kukifungua. Anayejivika ukuhani leo anakifunga tena.

Kumlisha mchungaji anayefanya kazi ni jambo jema, na Paulo alilifundisha. Kumlipa kama kuhani ni jambo jingine kabisa, kwa sababu Waraka kwa Waebrania unampa Yesu peke yake kiti cha kuhani mkuu. Biblia nzima ya Kikamba imekuwapo tangu 1956. Basi Jumapili ijayo, kabla ya bahasha kupita, muumini wa Machakos asome Waebrania sura ya saba mwenyewe, kisha amuulize mchungaji wake mambo mawili: amesomea wapi, na hesabu za kanisa hukaguliwa na nani.