Wasia, si Ungamo: Albamu ya Mwisho ya Philly Lutaaya

Ukitaka kuieleza kwa Kiswahili albamu ya mwisho ya hayati Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda, neno la kwanza linalokujia ulimini ni maungamo. Mtu mashuhuri anaugua, anajua hataishi sana, anaingia studio na kuimba habari za ugonjwa wake. Tumwiteje kama si mwungamaji? Nalikataa neno hilo, na sababu yangu ni ya lugha kabla ya kuwa ya muziki. Anayeungama huungama dhambi, na huungama mbele ya mtu anayetarajiwa kumsamehe. Lutaaya hakuomba msamaha wa mtu yeyote.

Habari yake wengi wetu wa Afrika Mashariki tunaijua. Alikuwa akiishi Uswidi, na nyimbo zake zilipendwa sana nyumbani Uganda. Mnamo 1989 akatangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akawa Mganda mashuhuri wa kwanza kulisema jambo hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Muda uliobaki aliutumia kutunga na kuzunguka katika shule na makanisa akizungumza na watu. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akafariki, akiwa na umri wa miaka 38.

Katika mkasa huo kipo kipengele ambacho washairi tunapaswa kukitazama kwa makini: alipotangaza, wengi hawakumwamini. Mwili wake ulikuwa bado haujadhoofika, basi wakasema anatafuta umaarufu, anataka kuuza kanda. Watu walikuwa wamezoea kumtambua mgonjwa kwa mbavu zake. Mgonjwa aliyesema kabla hajakonda aliwachanganya, kwa sababu ilibidi waliamini neno lake badala ya kuyaamini macho yao.

Na lugha ya wakati ule haikuwa imejiandaa kwa neno kama hilo. Nchini Uganda ugonjwa uliitwa silimu, yaani ule unaokondesha. Upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, uliitwa Juliana, jina la kitambaa. Baadaye Kiswahili cha mitaani kikaongeza ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Ni ubunifu wa hali ya juu, wala siudharau. Lakini yaangalie majina haya yanavyofanya kazi ndani ya sentensi. Husemwa "amekanyaga miwaya", husemwa "wamekanyaga". "Nimekanyaga miwaya" sijapata kuisikia ila kwa mzaha. Msamiati mzima ulifumwa ili utumike na nafsi ya tatu, kumsema mtu aliyekwisha kuondoka barazani.

Mfano wa jirani unaonyesha tofauti. Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi, gwiji wa rumba ya Kongo, alitoa "Attention na SIDA", wimbo mrefu kwa Kifaransa na Kilingala. Ni kazi yenye nguvu. Franco anawageukia walimu, wanafunzi, viongozi wa dini na madaktari, anawaonya na kuwahimiza kwa sauti ya mhubiri aliye juu ya mimbari. Nafsi inayotawala humo ni ya pili: ninyi. Franco mwenyewe alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, miezi miwili tu kabla ya Lutaaya, na mpaka leo mashabiki wake wanabishana juu ya kilichomuua. Simlaumu. Kila mtu ana haki ya kufa na siri yake. Ila wimbo wake unabaki kuwa onyo, na onyo humwacha mwonyaji nje ya jambo analolionya.

Sasa usikilize "Alone and Frightened", wimbo mkuu wa albamu ya Lutaaya. Umeimbwa kwa Kiingereza, na lahani yake ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kuishika kwa kuisikia mara mbili. Msemaji yuko peke yake gizani, siku haziishi, mikono iliyokuwa ikimkumbatia haipo tena. Anaomba ashikwe mkono, asitengwe. Ndipo kinapoingia kiitikio, chenye fikra ileile ya usemi wetu wa msibani, leo kwangu kesho kwako, na hapo mimi anapanuka kuwa mimi na wewe, kisha sisi. Safari hiyo ya viambishi, kutoka ni- kufika tu-, ndiyo moyo wa wimbo. Angeanza na tu- tangu mwanzo, tungepata wimbo wa kampeni kama mamia mengine. Haki ya kusema "sisi" aliipata kwa kusema kwanza "mimi".

Jina la kazi ya namna hii tunalo, tena la zamani: wasia. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mnamo 1858, alimwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, akamweleza kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata wasaa wa kumwambia neno jema. Tumezoea kuufundisha utendi huo kama kitabu cha adabu za mke, kisha tunabishana kuhusu adabu zenyewe. Tunaruka beti za mwanzo. Bila beti hizo mama huyo ni mwalimu tu; kwa beti hizo ni mgonjwa anayeharakisha, na kila agizo linalofuata lina uzito wa pumzi iliyohesabiwa. Wasia huhitaji vitu viwili: msemaji anayekubali kwamba anaondoka, na msikilizaji atakayebaki. Lutaaya alikuwa na vyote viwili.

Najua nitajibiwa kwamba Mwana Kupona hakuutaja ugonjwa wake kwa jina, na kwamba uungwana wa Kiswahili ni sitara. Ni kweli, hakuutaja. Lakini sitara na siri tunazichanganya mno. Sitara ni nguo anayojivika mtu kwa hiari ili kulinda heshima yake. Siri ya wakati ule wa UKIMWI haikuwa hiari. Ilikuwa hofu ya kufukuzwa nyumbani, ya kutengewa kikombe na sahani. Na wahenga waliosisitiza adabu ndio haohao waliosema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kilichonisukuma kuandika haya ni hali ya mashairi yetu wenyewe. Kiswahili kimetunga tungo nyingi mno juu ya UKIMWI, nyingi zikiwa na vina safi na mizani isiyo na dosari, na karibu zote zimejengwa juu ya kitenzi cha kuamrisha: jihadharini, epukeni, acheni. Bongo Fleva ilijaribu njia nyingine. Katika "Starehe", Ferooz akishirikiana na Professor Jay, kijana aliyeambukizwa anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na wimbo ule uliwagusa watu wengi. Hata hivyo mgonjwa yule ni wa kubuni, na jina la wimbo limekwisha kumhukumu: amelipa gharama ya starehe. Hilo kweli ni ungamo.

Siku hizi tungo za onyo zimehamia kwenye saratani, kisukari na figo, na amri ni zilezile: kapimeni, punguzeni chumvi. Miongoni mwetu tunaotunga wapo wanaokwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, wapo wanaosubiri majibu ya vipimo. Sidai kila mmoja wao ajianike. Nasema tu kwamba utenzi, kwa mizani yake minane na sauti yake ya mtu aliyeketi karibu nawe, umewahi kulibeba jambo hili kule Lamu na Pate kabla ya studio yoyote, na kwamba "nimeugua" ni mizani mitano, inabaki mitatu ya kusema kilichobaki.